Udongo, maji na patasi: kutoka Tororo hadi Masaka

Jumatatu, Tororo

Watu wa mjini hupenda kusema kwamba msanii wa kijijini hana pa kuchota mawazo: hana jumba la maonyesho, hana duka la rangi, hana wa kumkosoa. Mimi sikubaliani nao, na ndiyo sababu ya safari hii. Nataka kuona wanaopaka rangi za maji, wanaofinyanga na wanaochonga huko vijijini wanaanzia wapi kazi zao. Nimefuatana na mpwa wangu, kijana mchongaji, ambaye hadi leo riziki yake imetokana na twiga na vifaru wa mbao wanaouzwa Jinja na Kampala. Anawachonga vizuri sana. Ila majuzi aliniambia, "Mjomba, twiga mwenyewe sijawahi kumwona isipokuwa kwenye kalenda." Nikamwambia afunge begi lake la patasi twende.

Tulisimama kwanza hapahapa Tororo, chini ya lile jabali ambalo kila mtoto wa mji huu hulichora kabla hajajua kuandika jina lake. Kando ya barabara ya Mbale yupo fundi wa sanamu za saruji. Huanza na kiunzi cha nondo, akakizungushia wavu wa kuku, kisha akakandika saruji na mchanga tabaka kwa tabaka. Simba wake wana vifua vipana na shingo nene kuliko simba yeyote niliyewahi kumwona. Nilipomuuliza, akanijibu bila kusita kwamba vifua hivyo amevitoa kwa wapagazi wa Malaba, mpakani na Kenya. Aliwahi kupakua malori pamoja nao kabla hajashika mwiko wa saruji, na anasema mpaka leo akifumba macho anaona migongo yao.

Sanamu zilizokwisha kukandikwa alikuwa amezifunika kwa magunia mabichi. "Saruji haitaki jua, mzee wangu," akasema. "Inyweshe maji wiki nzima, ndipo inashika." Ni kweli tupu. Saruji haigandi kwa kukauka, inaganda kwa kula maji, na ikinyimwa hupasuka. Mpwa wangu aliyaandika hayo kwenye simu yake.

Jumanne, upande wa Bukedea

Tumelala Mbale na leo tumechukua taksi ya kuelekea Kumi, tukashukia njiani kwa mama mmoja mfinyanzi niliyeelekezwa. Anafanyia kazi nyuma ya nyumba yake, karibu na bwawa la mafunjo. Marehemu mumewe alikuwa askari, wakaishi kambini Jinja na Moroto, kwa hiyo Kiswahili kinamtoka bila kutafutwa. "Karibuni wanangu, kaeni, msiogope matope."

Kwake tulikaa kutwa nzima na bado naona tuliondoka mapema.

Udongo anauchimba ukingoni mwa bwawa wakati wa kiangazi, maji yakishapungua. Anauacha uchachuke shimoni chini ya majani ya migomba, kisha anaukanyaga kwa miguu akiuchanganya na vigae vilivyopondwa. Vigae ndivyo roho ya kazi. Ni udongo uliokwisha kuungua, hausinyai tena, na ndani ya udongo mbichi unaacha vijia ambamo mvuke hupitia wakati wa kuchoma. Chungu kisicho na vigae, au kilichoingizwa motoni kabla hakijakauka sawasawa, maji yaliyonaswa ndani hugeuka mvuke, yakatafuta mlango kwa nguvu, na kazi ya wiki nzima ikapasuka.

Hana gurudumu. Anakunja mikanda ya udongo, duara juu ya duara, akiibana kwa vidole na kuipandisha huku yeye mwenyewe akizunguka chungu. Ukuta ukishasimama anauacha uvute kidogo kivulini, kisha anausugua kwa kokoto laini ya mtoni mpaka ung'ae. Kuchoma ni kwa nyasi kavu, kuni na samadi, uwanjani, bila tanuru. Moto wa wazi wa namna hiyo hufika kati ya nyuzi 600 na 900 za Selisiasi, na mahali moshi ulipokaa chungu hubaki na madoa meusi. Yeye anayapenda madoa hayo. Anajua hata upande gani wa uwanja utayaleta.

Lakini si vyungu vilivyotuleta. Kwenye rafu ya mbao chini ya paa la nyasi amepanga watu: wazee waliokaa kuzunguka chungu cha ajon, pombe ya ulezi ya Teso, kila mmoja na mrija wake mrefu. Wapo saba, na hakuna wawili wenye mgongo mmoja. Mmoja ameinamia mrija kwa kiu, mwingine anausikiliza mkutano na mrija ameuachia. Nimetembelea maonyesho mengi maishani mwangu na sikumbuki nimeona migongo inayosema kiasi hicho.

"Mama," mpwa wangu akauliza, "nani alikufundisha kufinyanga watu?"

"Nani atanifundisha? Niliweka tumbo na shingo ya chungu, nikaona mtu amefika nusu. Hawa walikuwa marafiki wa mzee wangu. Walikaa hapo chini ya mwembe kila jioni. Wakaanza kwenda mmojammoja. Nikasema, kabla hawajaisha, nikae nao."

Nilimuuliza kama anawauza. Akasema vyungu ndivyo vinavyolisha nyumba, wazee hawauzwi. Basi nikamwomba ruhusa ya kuwapaka kwa rangi ya maji, akakubali, na nikakaa nao mpaka jua likashuka.

Jumatano, Nyero

Nyero iko kilomita chache kutoka mji wa Kumi, kwenye barabara ya kwenda Ngora. Mawe makubwa ya matale yamelundikana juu ya tambarare ya Teso na chini yake kuna mapango ya kina kifupi. Humo ndani kuna michoro ambayo watafiti wengi huihusisha na jamii za wawindaji na wachumaji walioishi hapa kabla ya Iteso, wenyeji wa leo. Pamoja na maeneo mengine ya mashariki kama Kakoro, Komuge, Mukongoro na kisiwa cha Dolwe, Nyero imo kwenye orodha ya awali ya Uganda ya kuomba hadhi ya urithi wa dunia.

Pango la kwanza lina michoro myeupe. La pili ndilo kubwa, ukuta wake umepanda juu sana, na rangi yake ni nyekundu: duara ndani ya duara ndani ya duara, maumbo marefu ambayo wengine huyaona kama mitumbwi, na alama nyingine ambazo kila mgeni huzipa maana yake. Mlinzi alitueleza kwamba wenyeji walikuwa wakija hapa kuomba mvua na kutambika.

Mimi nilitazama kitu kimoja tu: rangi ilivyokaa juu ya jiwe. Mchoraji wa zamani alichukua jiwe jekundu au udongo mwekundu, akausaga, akauchanganya na kitu cha kuushikisha, akapaka. Baada ya karne hizo zote za mvua na jua wekundu haujafa, kwa sababu rangi yake ni oksidi ya chuma, ndugu yake kutu, na jua haliwezi kuila kama linavyokula rangi za majani na maua. Nimenunua rangi za dukani zilizofifia ukutani kwangu baada ya miaka michache. Hii hapa haijafifia.

Nje ya pango tulikuta vijana wachache na mwalimu wao wa shule ya msingi wamekaa kwenye vivuli vya mawe na karatasi magotini. Huja hapa mara kwa mara kuchora, kwa hiari yao. Shuleni kipindi cha sanaa kimemezwa na mazoezi ya mtihani, mwalimu akaona afadhali awatoe nje kuliko kugombana na ratiba. Wanapaka nyuma ya kalenda za zamani na juu ya karatasi za mifuko ya saruji. Rangi zao ni vidonge vya dukani vyenye chokaa nyingi, na weupe wake unazima kila kitu. Kwa uchungu nilionao juu ya jambo hili nitasema wazi: watoto hawa wana jicho, wanachonyimwa ni vifaa, na jiwe lililo juu ya vichwa vyao linaonyesha vifaa vinatoka wapi.

Nilimwomba mwalimu turudi kesho na ndoo.

Alhamisi, Nyero

Leo ndiyo siku niliyoitaka.

Tulichota udongo wa aina tatu na mkaa: maramu jekundu la barabarani, udongo wa njano kutoka kwenye ukingo ambapo mfereji umekatwa, mweupe wa kisima, na mkaa wa kuni uliosagwa. Kila mmoja tuliutia ndoo yake na maji mengi, tukakoroga, tukahesabu pumzi chache, kisha tukamimina maji machafu ndoo ya pili. Mchanga ni mzito, unazama kwanza na kubaki chini. Unaohamia ndoo ya pili ni ule laini kabisa. Ukirudia mara tatu na kuuacha utulie, unapata tope la rangi ambalo halikwaruzi kati ya vidole. Tukalianika juu ya mawe.

Kiunganishi nilikuja nacho: gundi ya mgunga ya Karamoja, vijiwe vya rangi ya asali ambavyo mti huvitoa machozi gome lake likijeruhiwa. Watu wengi hawajui kwamba rangi za maji za bei ghali zaidi duniani zimeshikanishwa na gundi hiihii. Sisi tunaiuza kwa kilo, tukaja kuinunua tena ndani ya visahani vidogo kwa bei ya dhahabu. Sehemu moja ya gundi kwa mbili za maji ya moto, iachwe usiku kucha, ichujwe kwa kitambaa. Tone la asali lisiache rangi ikakauka mpaka kupasuka, na mafuta kidogo ya karafuu yasiache ikaota ukungu. Kisha unasaga udongo na gundi juu ya kioo kwa jiwe bapa, kwa mwendo wa duara, na husagi kwa dakika tano bali mpaka mkono ukuambie. Vijana walipokezana.

Karatasi ndiyo iliyobaki kuwa tatizo. Rangi ya maji inataka karatasi ya pamba, nzito, gramu 300 kwa mita ya mraba kama ukiipata. Nilikuwa na tano tu, nikazigawa. Kwa zile nyembamba niliwaonyesha kulowesha karatasi yote na kuibandika kingo zake kwenye ubao kwa utepe wa gundi. Ikikauka hujivuta ikabana kama ngozi ya ngoma, na baada ya hapo haijikunji ukipaka.

Msichana mmoja, mdogo kuliko wote, alikaa upande unaotazama tambarare. Mvua ilikuwa inakuja kwa mbali, pazia la kijivu kutoka upande wa Soroti. Alilowesha karatasi kwanza, akaitia mkaa wetu ikiwa bado mbichi, akaiacha rangi itembee yenyewe kuelekea chini. Alipotaka kuendelea nilikaribia kumzuia, kisha nikanyamaza. Naye akaacha mwenyewe. Mwanga juu ya mawe hakuupaka. Alikwepa tu, karatasi ikabaki tupu pale jua lilipo. Kwenye rangi ya maji nyeupe haipakwi, inaachwa, na ukishaifunika hairudi.

Mpwa wangu alimtazama kwa muda mrefu. Halafu akaniambia, "Mjomba, hii ni kama kuchonga. Ukikata umekata." Tangu asubuhi hiyo amekuwa akiwauliza vijana maswali badala ya kuniuliza mimi, na nimefurahi.

Ijumaa, njiani

Basi kutoka Kumi hadi Kampala. Mbale, Iganga, daraja jipya la Jinja, msitu wa Mabira. Vumbi na joto. Udongo wetu umefungwa kwenye magazeti chini ya kiti.

Jumamosi, Kampala

Mji una mengi, lakini sikuja kwa ajili ya mji. Nilimpeleka kijana kuona kazi ambazo vijiji vilizizaa.

Kwanza Mnara wa Uhuru. Gregory Maloba, Mkenya aliyesoma kisha akafundisha Makerere, aliusimamisha kwa ajili ya mwaka 1962: mwili mkubwa wenye vifungo vilivyouzunguka, unamwinua mtoto juu kabisa. Maloba alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo wa Margaret Trowell, aliyeanzisha masomo ya sanaa mwaka 1937 kwenye baraza ya nyumba yake, na kutoka baraza hiyo ikakua shule ya sanaa ya Makerere. Sam Ntiro alitokea Machame, Kilimanjaro, akapita shule hiyohiyo, na maisha yake yote alichora watu wa kijijini wakivuna, wakijenga, wakibeba pombe ya ndizi. Alisafiri mpaka London akiwa balozi na bado alichora mlima wake. Nilimsimulia mpwa wangu habari hizi tukiwa tumesimama juani.

Chuoni, ndani ya maktaba kuu ya Makerere, ipo sanamu ya mbao ya Francis Nnaggenda, Mhanga wa Vita. Mwili umekatwa viungo lakini umesimama. Nnaggenda hakuuficha mti: mikunjo na nyufa zake ndizo majeraha. Mpwa wangu aliizunguka mara nyingi, akagusa hewa karibu nayo kwa kiganja, akaniambia hajui kama ataweza kumaliza twiga aliowaacha nyumbani.

Jumba la makumbusho nitaligusia tu. Nilitaka kumwambia kijana kuhusu kichwa cha Luzira, sura ya udongo wa kuchoma iliyochimbuliwa mwaka 1929 kwenye kilima cha gereza la Luzira. Chenyewe kimehifadhiwa London, katika Makumbusho ya Uingereza. Inaniuma kwamba mfinyanzi wa Bukedea, mwenye mkono wa ukoo huohuo wa kazi, angehitaji viza ili akione.

Jumatatu, Masaka

Jana tulipumzika. Leo tumepita Mpigi, tukaona ngoma za Mpambire zimepangwa kandokando ya barabara, tukavuka ikweta Kayabwe, tukafika kwa fundi wa lubugo ndani ya shamba la kahawa na migomba nje ya Masaka.

Huku Kiswahili ni kidogo, ila mzee huyu alifanya biashara ya kahawa Mutukula, mpakani na Tanzania, na tulielewana vizuri. Lubugo ni kitambaa cha gome la ndani la mti wa mutuba. Msimu wa mvua gome hutolewa kwa uangalifu, shina likafungwa majani ya migomba lipone, na mti huohuo utatoa tena mwaka mwingine. Gome huchemshwa au kupashwa moto, kisha hupigwa kwa nyundo za mti zenye mifereji, kwanza yenye mifereji mipana, halafu myembamba, mpaka lipanuke mara kadhaa ya upana wake na kuwa laini. Kibanda cha kazi hakina kuta lakini kina paa, ili gome lisikauke haraka. Likianikwa juani hugeuka rangi ya udongo uliochomwa. UNESCO iliitangaza kazi hii mwaka 2005, na mwaka 2008 ikaingizwa katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu.

Mzee alisema jambo ambalo sisi wa Kiswahili tunapaswa kulisikia. Misafara iliyokuja na pamba karne ya 19 ilitoka pwani, na kitambaa chao ndicho kilichoanza kulipunguza soko la lubugo. Hakusema kwa kulaumu. Lakini nilikumbuka kwamba lugha ninayoitumia kumsifia kazi yake ilipanda huku na misafara hiyohiyo.

Nilijaribu rangi zetu za Nyero juu ya kipande cha lubugo. Zinazama na kutanda, hakuna mstari unaokaa. Nikakipaka maji ya gundi kwanza, nikangoja, na mara ya pili wekundu wa Teso ukakaa juu ya wekundu wa Buganda, nusu toni tofauti. Mzee aliita jirani zake waje kuona.

Jumanne, Ndegeya

Kijiji cha Ndegeya kiko nje kidogo ya Masaka. Collin Sekajugo alianzisha hapa kambi ya wasanii, na sanamu zimesimama nje, kwenye nyasi, mvua iwanyeshee wao na majirani sawasawa. Sekajugo na Acaye Kerunen ndio walioiwakilisha Uganda mwaka 2022, ilipopata banda lake la kwanza kwenye maonyesho ya sanaa ya kimataifa ya Venice, na banda likatunukiwa sifa maalumu. Kazi za Kerunen zilisukwa na wanawake wa vijijini kwa nyuzi za migomba, mikeka na mafunjo. Nadhani yule mama wa Bukedea angesimama humo bila kuona haya.

Mchana simu ilimlia mpwa wangu. Mfanyabiashara wa Kampala anataka twiga dazeni mbili kabla ya mwisho wa mwezi, kwa bei ileile ya mwaka juzi. Tulikaa chini ya mti tukalizungumza. Mimi sikumwambia akatae. Ana kodi ya kulipa na mama yake ni dada yangu. Alipiga simu akakubali dazeni moja, akataja bei mpya, na kwa mshangao wetu sote yule bwana akaikubali.

Ameamua kubaki Masaka kwa mzee wa lubugo mpaka mvua zipungue. Amekwisha kupata gogo la mvule lenye ufa katikati, na anataka kuchonga wapagazi wa Malaba aliosimuliwa Tororo, ufa ukae mahali pa mzigo. Nimemwachia tezo yangu.

Mimi narudi kesho. Gundi iliyobaki nitamtumia mwalimu wa Nyero kwa basi la Soroti. Karatasi za pamba natafuta mtu wa kunibebea kutoka Nairobi. Anayevuka Busia au Malaba mwezi huu na ana nafasi kwenye begi, aniandikie.